Akiba Isiyo Akiba

Swali lenyewe huja kwa sura nyingi, ila kiini chake ni kimoja, nami nimekwisha kuulizwa kliniki, matangani, juu ya daraja la Mbita, na hata na watu waliosoma wakahitimu, ambao nilitaraji waniulize jambo jingine: Je, daktari, maadamu Wamarekani wamekata msaada, na hapana ajuaye shehena itakayofuata ya ARV, dawa za kufifisha virusi vya Ukimwi, itafika lini, si busara mtu ameze kidonge leo, kesho aache, ili chupa ya miezi mitatu imtoshe miezi sita? Wengine hulipamba kwa kuongeza kwamba mwili nao, baada ya miaka kumi ya vidonge, una haki ya kupumzika. Jibu langu ni la. Kwa kuwa neno hilo moja halijapata kumridhisha hata muulizaji mmoja, nalazimika kulieleza kwa kirefu, na msomaji aniwie radhi ikiwa mahali pengine kalamu itakwaruza.

Hofu iliyo nyuma ya swali hili siidharau. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90; siku nne baadaye zikatoka barua za kuamuru kazi zote zisimame; idhini ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha ikafuata muda mfupi baadaye, nayo imefungwa kwa masharti; na ilipotimia tarehe 1 Julai shirika la USAID halikuwapo tena. Habari hiyo iliuma Homa Bay na Migori kuliko kaunti nyingi, kwa sababu iliyo wazi: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uliona kwamba katika kila watu wazima 100 wa Homa Bay takriban 20 wanaishi na virusi vya Ukimwi, na wa Migori 13, ilhali katika Kenya nzima hawakutimia 5.

Lakini tazama kilichokatika kwanza. Aghalabu hakikuwa kidonge. Waliokatika ni watu: mshauri wa upimaji, mama mlezi aliyekuwa akiwashika mkono wajawazito, kijana wa kuingiza majina katika kompyuta, mwenye pikipiki wa kuchukua sampuli za damu, na yule ambaye kazi yake yote ilikuwa kumpigia simu mgonjwa aliyekosa siku yake na kumwuliza kwa upole kulikoni. Mishahara yao ilitoka ng'ambo kwa kupitia mashirika, wala majina yao hayakuwamo katika daftari la kaunti. Kitengo chenyewe, ambacho kila mtu huku hukiita CCC, mara nyingi kilijengwa kando, kina mlango wake, faili zake na rangi yake mpya, na mgonjwa wa kisukari alikitazama kutoka foleni ya upande wa pili wa ua, akimngojea muuguzi mmoja wa serikali. Huo ndio upungufu mkubwa wa msaada huu, nao tuliuona tangu zamani tukaunyamazia, kwa kuwa kilichojengwa kando kilikuwa kikifanya kazi.

Na msaada wenyewe ulifanya kazi kweli kweli. Mwaka 2000 dawa hizi zilimgharimu mgonjwa mmoja zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Uhindi ikajitolea kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350, na mwezi Juni Bunge la Kenya likapitisha sheria ya kuruhusu dawa za namna hiyo ziingie nchini. Mwaka huo huo madaktari hao, waliokuwa Homa Bay tangu 1996, wakaanza kugawa ARV katika hospitali ya wilaya. Na mwaka huo huo pia mkuu wa USAID wa wakati ule, Andrew Natsios, aliliambia gazeti la Boston Globe kwamba dawa hizi hazingefaa Afrika, kwa kuwa wengi wetu hatujapata kuona saa, na mtu akitutajia saa saba ya mchana hatujui anena nini. Wataalamu walipokusanya tafiti mwaka 2006 wakakuta kwamba waliokuwa wakimeza dawa inavyotakikana Afrika ni takriban 77 katika 100, na Amerika Kaskazini ni 55. Ndhiwa, ambako uchunguzi wa 2012 uliona virusi vimefifishwa katika damu ya takriban 40 kwa kila 100 wenye VVU, mwaka 2018 walikuwa 88. Sijui pahala pengi duniani palipofanya zaidi ya hayo kwa miaka sita.

Hotuba ya tarehe 28 Januari 2003, ambamo Rais George W. Bush alitangaza mpango wa PEPFAR wa kupambana na Ukimwi na dola bilioni 15 kwa miaka 5, ndiyo hotuba aliyoitumia pia kuiandaa nchi yake kwa vita vya Iraki, vilivyoanza mwezi Machi. Mkono mmoja ulinyoosha dawa, wa pili ukanyoosha bunduki. Leo serikali ya Marekani hukadiria kwamba ule wa kwanza umeokoa roho zaidi ya milioni 25, nami sijamsikia mtu akitoa hesabu kama hiyo kwa ajili ya ule wa pili. Jirani zetu Wasomali waliyaona majeshi yakishuka pwani mwezi Desemba 1992 ili chakula kiwafikie wenye njaa, na chakula kikawafikia kweli. Lakini walipouawa askari 18 wa Kimarekani mjini Mogadishu mwezi Oktoba 1993, wenzao wakaanza kufunga mizigo, na kufikia mwisho wa Machi 1994 walikuwa wamekwenda zao. Jeshi laweza kufungua njia ya lori la unga. Kumpa mtu kidonge kila jioni kwa miaka thelathini ni kazi ya namna nyingine kabisa, isiyo na ushindi wa kutangaza wala siku ya kufunga mizigo, na hapo ndipo penye fadhila yake na hatari yake pia. Wanorwe walijenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kikafanya kazi siku chache kikafungwa, kwa sababu gharama za kugandisha zilimshinda samaki mwenyewe. Na Oktoba 1990, Kenya ilipovunja uhusiano na Norwe kwa ajili ya kesi ya Koigi wa Wamwere, misaada yao nayo ikakoma. Kiwanda kikikaa kitupu hakimdhuru mtu. Dawa hii ikikatwa hudhuru katika muda wa majuma.

Sasa turudi kwa muulizaji wangu. Mezani pangu imepata kukunjuliwa karatasi ya gazeti yenye vidonge vilivyokatwa kwa wembe, vingine nusu, vingine robo, kingo zimesagika zikawa unga kwa joto la mfukoni. Na mwenyewe, mvuvi wa omena, aliniambia kwa fahari ya mtu mwenye kujua kubana matumizi kwamba amezidisha dawa zake maradufu bila ya kumsumbua mtu. Chupa aliiacha nyumbani, kama wafanyavyo wengi, kwa sababu hulia mfukoni kila apigapo hatua, na ufuoni kila mtu aijua sauti hiyo. Sikumlaumu kwa karatasi. Kwa wembe nilimlaumu, na ningali namlaumu.

Kidonge hicho kimoja, TLD, kina dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Zatoka mwilini kwa mwendo usiolingana. Moja hubaki ndani ya seli kwa siku kadhaa, nyingine hupungua nusu kila baada ya saa 14 au zaidi kidogo. Mtu akiruka siku, haiwi kwamba dawa zote tatu zinangoja pamoja mpaka arudi; huwa zinatoka moja moja, na ile ya mwisho huachwa peke yake na virusi, katika kiasi cha kuvisumbua lakini si cha kuvizuia. Virusi navyo, vikiachiliwa, hujinakili kwa mabilioni kila siku, na kila vinapojinakili hukosea hapa na pale. Na katika makosa hayo kimoja chaweza kuangukia umbo ambalo dawa haiwezi kulishika. Lamivudine hushindwa kwa badiliko moja tu. Hivyo ndivyo usugu unavyozaliwa. Asiyepata dawa hata chembe hafugi usugu; anayezipata kwa kudokoa ndiye mlezi wake hasa. Mvuvi ambaye mtumbwi wake unavuja hateki maji Jumatatu akapumzika Jumanne ili kata yake isichakae.

Watu hunijibu kwamba hayo ni maneno ya vitabuni. Haya, na tutoke vitabuni. Wagonjwa 5,472 katika nchi 33 waliingizwa katika jaribio lililoitwa SMART, na nusu yao waliambiwa waache dawa maadamu chembe zao za kinga zingali nyingi, wazianze tena zikipungua, yaani ndiyo mapumziko yale yale ambayo watu wananiombea, tena chini ya macho ya madaktari na kwa vipimo vya mara kwa mara. Mwezi Januari 2006 ilibidi kuzuia wagonjwa wapya wasiingizwe, kwa sababu waliopumzishwa walikuwa wakifa au kupatwa na magonjwa ya Ukimwi zaidi ya mara mbili kuliko wenzao. Na maradhi ya moyo, figo na ini, ambayo watu hudhani huletwa na dawa, yalizidi kwa wale walioacha dawa. Anayesema kwamba hayo yalikuwa ya Wazungu na atazame ng'ambo ya ziwa letu hili: jaribio la DART, lililofanywa Uganda na Zimbabwe, liliwapa wengine majuma 12 ya dawa na majuma 12 bila dawa, na mwaka huo huo sehemu hiyo nayo ikasimamishwa kwa sababu hiyo hiyo. Swali hili, basi, lilikwisha kuulizwa kwa njia ya haki, na watu wakalipa jibu lake kwa uhai wao. Kuliuliza upya mwaka 2026, kwa wembe na karatasi ya gazeti, ni kuyapuuza waliyolipa.

Yupo msomaji mmoja, nami namjua kwa vile huniandikia, atakayesema ninaficha jambo: je, Wafaransa hawakuonyesha kwamba mtu aweza kumeza siku nne na kuacha siku tatu? Walionyesha. Jaribio lao, QUATUOR, lilikuwa la watu 636, na kabla yake lilikuwapo jingine la vijana 199, baadhi yao kutoka Uganda, waliomeza siku tano na kuacha mbili, na virusi havikuamka kwa wingi wa kutisha. Lakini soma masharti ya kuingia. Waliochaguliwa virusi vyao vilikuwa vimekwisha kuzimwa muda mrefu, na wale wa Ufaransa ilibidi pia wasiwe na historia ya usugu kwa dawa walizokuwa wakizitumia; siku zao za kumeza zilifuatana, si leo na kesho kutwa; na damu yao ilipimwa tena na tena, na aliyeonekana ana dalili alirudishwa kila siku. Huku kwetu kipimo cha wingi wa virusi hufanywa mara moja kwa mwaka kwa aliye sawa, na mwenye pikipiki wa kukisafirisha ndiye yule aliyekatwa kwanza. Kuchukua hukumu ya jaribio hilo na kuyaacha masharti yake ni ulaghai, hata mtu akijilaghai mwenyewe.

Kuna habari ya ini pia, ambayo karibu hapana anayeniuliza. Wapo miongoni mwetu wenye VVU na homa ya ini ya aina ya B kwa pamoja, na wengi wao hawajijui. Tenofovir na lamivudine huzuia yote mawili. Mtu huyo akiacha ghafla, homa ya ini huweza kufumka kwa nguvu, na akaletwa macho yamegeuka manjano, jamaa zake wakisema ni sumu aliyotiliwa, ilhali ni yeye mwenyewe aliyejinyima.

Na akiba yenyewe ni kitu gani? Tangu 2023 mwaka mzima wa TLD wanunuliwa kwa chini ya dola 45 kwa mtu mmoja. Nusu yake, ambayo mvuvi wangu ameiokoa kwa wembe, haifiki dola 23. Kwa kiasi hicho amenunua uwezekano wa kuhamishiwa dawa za daraja la pili, zilizo ghali zaidi na zenye vidonge vingi zaidi, ambazo uhakika wa kufika kwake ni mdogo kuliko wa hizi. Na fauka ya hayo amempokonya mkewe kinga, kwa kuwa mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba mwenye VVU anayetibiwa mapema humkinga mwenzake kwa takriban 96 katika 100, na ilipokuja kufuatiwa zaidi ikaonekana kwamba virusi visivyoonekana katika kipimo haviambukizwi kabisa kwa njia ya kujamiiana. Kinga hiyo haingoji siku ya kumeza. Majuma mawili hadi manne ya kuacha dawa hutosha kuviamsha virusi kwa walio wengi.

Wahenga wetu wa uzushi, Kemron ya 1990, Pearl Omega iliyoifuata miaka michache baadaye, na kikombe cha Loliondo cha 2011 ambacho watu wa Migori walivuka Isebania na Sirari kukifuata, angalau waliahidi uponyaji, na mtu aliyedanganyika alijua kwamba amefuata muujiza. Uzushi huu wa sasa umevaa kanzu ya uangalifu na uchumi mwema, na kwa hiyo humpata hata mwalimu mkuu na mzee wa kanisa ambao hawangekinywa kikombe hicho hata tone. Ama hoja ya kupumzisha mwili, mwili hauchoki kwa dawa. Huchoka kwa virusi. Yapo madhara ya kweli, ya figo kwa wachache na ya kunenepa kwa wengi zaidi, nayo yana tiba na badala. Mwenye nayo ayaseme, asiyatibu kwa kuruka siku.

Wala msinidhanie natetea wafadhili. Kati ya Januari na Aprili 2021, muda mrefu kabla ya Trump kurudi, dawa zilizokwisha kulipiwa na Wamarekani zilikaa bandarini Mombasa huku serikali yetu na USAID wakivutana juu ya ushuru na juu ya KEMSA, bohari ya dawa ya serikali, ambayo sifa yake ilikuwa imechafuka katika kashfa ya mwaka uliotangulia. Na kliniki zikawa zikigawa dawa za mwezi mmoja, au za majuma mawili, kwa watu waliozoea miezi mitatu. Ugonjwa wa wembe ulianza hapo. Nani alaumiwe zaidi, mtoaji aliyebeba dawa zake mkononi mwake mwenyewe kwa kutotuamini, au sisi tuliompa sababu ya kutotuamini kisha tukamtoza ushuru, waamue wanaohusika; mgonjwa wa Rongo hakuwa na kiti katika baraza hilo. Mkataba uliotiwa sahihi Washington tarehe 4 Desemba 2025 unaahidi dola bilioni 1.6 kutoka Marekani kwa miaka mitano, na Kenya nayo kuongeza fedha zake yenyewe. Nitausifu siku nitakapoyaona majina ya wale washauri na wale wapiga simu katika daftari la mishahara la kaunti.

Yaliyobaki nayasema mbio mbio, kwa kuwa ni mepesi. Meza kila siku, saa moja uliyoichagua, pamoja na chakula au bila chakula; njaa si sababu ya kuacha. Ukisahau, meza mara ukumbukapo siku hiyo hiyo, na kesho usimeze viwili kwa pamoja. Ikiwa hali yako imetulia, omba ya miezi mitatu au sita, na usione haya kuomba. Kitengo chako kikifungwa, kituo chochote cha serikali kinachotoa dawa hizi chaweza kukupa za kukuvusha, hivyo tembea na kadi yako au picha yake katika simu. Na wewe uendaye Remba au Migingo, ambako mataifa mawili yanagombania mwamba bila ya kukukumbuka wewe na dawa zako, au ushukaye machimboni Macalder, chukua za safari nzima na za juma moja juu yake. Dawa za kutuliza tumbo na vidonge vya madini ya chuma vikae mbali na TLD: meza TLD kwanza ungoje saa mbili, au uvitangulize hivyo ungoje saa sita. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampicin huongezewa dolutegravir, kwa hiyo asinyamaze. Mjamzito na anyonyeshaye wasikose hata siku moja, na mtoto apimwe atimizapo majuma sita. Msigawane chupa moja mume na mke, hata kama kidonge ni kile kile, maana hesabu ya wote wawili huharibika. Na wewe uliyekwisha kuruka, uwe umeruka siku tatu au miezi mitatu, rudi kesho asubuhi, sema kweli kwamba uliruka na kwa muda gani, ukubali kipimo utakachopewa. Atakayekukaripia na akukaripie, nawe ondoka na dawa zako.